Uniti ya Saa Sita Mchana

Saa sita mchana, siku ya kazi, nyumba nyingi za Kidatu na Mkamba, katika Bonde la Kilombero, zimefungwa. Wenye mashamba wako kwenye miwa, wenye ajira wako kiwandani, watoto wako shule. Kama kuna paneli juu ya bati, huo ndio wakati inapofanya kazi kwa nguvu zake zote, na ndani ya nyumba linanguruma friji tu. Umeme unaobaki hauna pa kukaa. Bila betri, ama inveta inabana uzalishaji, ama uniti inapita kwenye mita, inaingia kwenye waya za shirika la umeme, TANESCO, na kuishia kwa jirani mwenye mashine ya kuchomelea. Jirani anailipia kama uniti nyingine yoyote. Aliyeizalisha analipwa nini? Mazungumzo mengi kuhusu sola na kubana matumizi huanza na bei ya paneli na kuishia kwenye bei ya betri, kana kwamba swali hili ni la wahandisi na mawakili. Mimi naliona ndilo swali lenyewe. Naongeza kwamba katika Bonde la Kilombero jibu lake haliwezi kuazimwa Ulaya wala Marekani, kwa sababu hapa bei ya uniti inayotoka inakutana na bei ya uniti inayoingia kwa namna ambayo kwingineko ni nadra.

Kwingineko ugomvi umekuwa wa aina moja. Uingereza ilianza mwaka 2010 kwa kuwalipa wenye paneli ndogo pensi 41.3 kwa kila uniti waliyozalisha, ikazidi kupunguza, na mwaka 2019 ikafunga mpango huo kwa wateja wapya. California kwa miaka mingi ilihesabu uniti moja iliyotoka sawa na moja iliyoingia; kuanzia Aprili 2023 wateja wapya wakawekwa kwenye mfumo uliopunguza malipo ya umeme wa ziada kwa karibu robo tatu. Jirani zetu wa Kenya walifungua mlango kwa Sheria ya Nishati ya mwaka 2019, na kanuni zao za 2024 zikaamua kwamba mteja anayeingiza uniti moja kwenye gridi ahesabiwe nusu. Kote huko mabishano yanaanzia mahali pamoja: mwananchi ananunua umeme kwa bei ya juu, naye anataka auze kwa bei hiyohiyo, shirika linajua kwamba ndani ya bei ile kuna nguzo, transfoma na mishahara, si umeme mtupu, kwa hiyo linataka kulipa pungufu. Kidatu haianzii hapo.

Tuziweke bei mezani. Kwa viwango tulivyovizoea tangu agizo la mdhibiti wa nishati, EWURA, la mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani, wa kundi la D1, hununua uniti kwa shilingi 100 mpaka uniti 75 kwa mwezi; akizidi hapo, kila uniti ya ziada ni shilingi 350. Mteja wa kawaida wa T1, awe na nyumba kubwa kidogo, duka, saluni au gesti, hulipa shilingi 292 kuanzia uniti ya kwanza. Juu yake kuna kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, mchango wa umeme vijijini (REA) asilimia 3 na wa EWURA asilimia 1. Mkononi, basi, uniti ya D1 ni shilingi 122 na ya T1 ni 356. Kodi ya jengo, shilingi 1,500 kwa mwezi, hukatwa kando na haijali jua wala kivuli. Agizo lile la 2016 liliondoa pia malipo ya huduma ya kila mwezi, shilingi 5,520, na jambo hilo lilifurahiwa kwa haki. Lakini lina tokeo ambalo wenye sola wanapaswa kulifahamu: kwa kuwa hakuna kiasi cha kudumu, kila uniti usiyonunua ni akiba kamili kwako, na kila uniti usiyonunua ni nguzo ambayo TANESCO haikulipwa.

Sasa chukua nyumba moja ya T1 pale Mkamba, yenye friji, televisheni, feni mbili na taa, inayotumia uniti 150 kwa mwezi. Bili yake ni kama shilingi 53,400. Wanafunga paneli za kilowati moja bila betri. Tukichukulia kazi nzima imegharimu milioni mbili na nusu, na kwamba kilowati moja chini ya anga la huku hutoa wastani wa uniti nne kwa siku, mwezi utaleta uniti 120. Nyumba isiyo na watu mchana itatumia moja kwa moja pengine 40, themanini zitatoka. Zile 40 zimeepusha shilingi 14,240. Kama zile 80 hazilipwi kitu, gharama itarudi baada ya miaka 14 na nusu hivi, muda ambao inveta itakuwa imekwisha badilishwa walau mara moja. Zikihesabiwa uniti kwa uniti, akiba inapanda hadi shilingi 42,720 na gharama inarudi kabla ya miaka mitano. Zikihesabiwa nusu, kama walivyoamua Kenya, ni 28,480, miaka saba na kitu. Paneli ni zilezile, jua ni lilelile na matumizi hayakubadilika. Kilichotofautisha miaka mitano na kumi na minne ni aya moja ya kanuni. Ndiyo maana muuzaji wa sola anayemwambia mteja paneli zitajilipa baada ya muda fulani, bila kumuuliza mita yake inasomaje na yuko kundi gani, hajamwambia kitu.

Hesabu inageuka kichwa chini tunapoingia nyumba ya D1. Huyu anatumia uniti 60 na analipa shilingi 7,320 kwa mwezi. Paneli zilezile zikimwepushia uniti 25 mchana, ameokoa shilingi 3,050. Ukimpa utaratibu ule unaopigiwa makofi duniani, uniti kwa uniti, kitakachotokea ni kwamba uniti 35 alizobakiza kununua zitafutwa na bili itakuwa sifuri. Nyingine 60 alizosafirisha zitabaki kuwa namba tu kwenye daftari. Akiba yake yote haiwezi kuvuka ile 7,320, na kwa kasi hiyo milioni mbili na nusu hurudi baada ya miaka 28. Kwa mtu wa D1, utaratibu ulio mkarimu kwa tajiri ni zawadi tupu. Lakini mpe malipo ya fedha kwa kila uniti iliyotoka, hata kwa bei ya wastani tu, tuseme shilingi 152: uniti 95 ni zaidi ya 14,400, ukijumlisha na zile 3,050 anafikia 17,500 kwa mwezi. Bado ni miaka kumi na miwili, bado si biashara ya kumshauri mtu akope. Hata hivyo ni zaidi ya mara mbili ya alichopewa na mfumo wa uniti kwa uniti. Na angalia ajabu iliyomo: huyu anauza kwa 152 na kununua kwa 122. Nchini Uingereza au California hali hiyo si ya kawaida kwa mteja wa nyumbani leo. Hapa ingekuwa hali ya kaya zote za D1, kwa sababu serikali iliamua, na nakubaliana nayo, kwamba taa na redio za mtu mdogo ziuzwe chini ya gharama na tofauti ibebwe na wanaolipa 292.

Shilingi 152 sikuichomoa hewani. Tanzania imekuwa na mkataba wa mfano na bei ya kununulia umeme wa wazalishaji wadogo tangu mwaka 2008, kwa mitambo ya kuanzia kilowati 100 hadi megawati 10. Kiwanda cha sukari cha TPC kule Moshi na kampuni ya TANWAT ya Njombe waliuza umeme wao wa ziada kwa mfumo huo, mmoja kwa makapi ya miwa, mwingine kwa mabaki ya miti. Bei ilipigwa kwa kanuni ya gharama iliyoepukwa, maana yake TANESCO ilipe kile ambacho ingetumia kupata uniti hiyo kwingine, na mwaka 2012 wastani wake kwenye gridi kuu ulikuwa shilingi 152.54. Kilichonivutia zaidi ni kwamba bei haikuwa moja mwaka mzima. Kiangazi, Agosti hadi Novemba, ilikuwa shilingi 183.05, miezi mingine 137.29. Mwaka 2015 mfumo ukabadilishwa, bei zikapangwa kwa teknolojia na kwa dola, na sola ikapelekwa kwenye ushindani wa zabuni, jambo ambalo halina maana yoyote kwa mwenye paneli sita juu ya bati. Mwaka 2018 EWURA ikaja na kanuni za kumruhusu mteja mwenye mtambo mdogo kupigiana hesabu na shirika. Njia hiyo ni ya uniti kwa uniti, na nimekwisha onyesha inamnufaisha nani. Lile wazo la kiangazi na masika, ambalo lilikuwa la kwetu na lilizaliwa na mito yetu, halikumfikia mtu wa chini ya kilowati 100.

Nalipigania wazo hilo kwa sababu ya mahali tulipo. Kidatu ni bwawa kabla ya kuwa mji. Maji ya Ruaha Mkuu yanaingia kwenye handaki la karibu kilomita kumi ndani ya mlima na kuangukia mitambo minne iliyo chini ya ardhi, jumla megawati 204. Awamu ya kwanza iliwashwa mwaka 1975, ya pili 1980. Anguko ni mita 175 hivi. Ukipiga hesabu ya uzito wa maji na kimo hicho, uniti moja ya umeme inakula takribani lita 2,400, yaani madumu 120 ya lita ishirini. Mama anayebeba dumu kichwani anaweza kuipima namba hiyo bila kwenda chuo. Bwawa la Kidatu lenyewe ni dogo. Ghala halisi ni Mtera, juu zaidi, ambako maji hushikiliwa kati ya kimo cha mita 690 na 698.5 juu ya usawa wa bahari na kufunguliwa kadiri gridi inavyohitaji. Kwa hiyo uniti inayotoka kwenye paneli saa sita mchana, ikitumiwa na jirani, inaruhusu madumu 120 yabaki bwawani mpaka saa mbili usiku, watu wanapowasha taa na kupika. Nchi zisizo na mabwawa hununua betri za mabilioni ili jua la mchana lifike usiku. Sisi tunayo tayari, ilijengwa na wazee wetu, na haichakai kwa kuchajiwa mara elfu.

Kama mambo ni hayo, thamani ya uniti ile inategemea maji yaliyomo Mtera, na hapa ndipo bei moja ya kudumu inapokosea pande zote mbili. Mwaka 2006 na tena 2011, mabwawa yalipopungua na mgao ukawa wa saa nyingi, nchi ilikodi mitambo ya mafuta kwa bei ambayo hakuna anayeikumbuka kwa furaha. Uniti ya jua katika miezi ile ilikuwa inaepusha dizeli. Kuilipa shilingi 137 ingekuwa dhuluma. Kinyume chake, mwezi Aprili 2024 Kilombero na Rufiji vilipofurika, maji yalikuwa yanamwagwa, na uniti ya mchana haikuepusha chochote isipokuwa maji ambayo yangemwagika vilevile. Kuilipa 356 wakati huo ni kumtoza mteja mwingine bila sababu. Napendelea, basi, bei inayofuata maji: iwe juu kuanzia Agosti mpaka mvua zinyeshe, iwe chini masika, na itangazwe mapema kwa miaka kadhaa ili mtu anayekopa ajue anakopea nini. Kwa bahati njema jua la huku linakubaliana na mpango huo. Masika, mawingu ya milima ya Udzungwa hukaa juu ya Mang'ula na Sanje siku nzima na paneli hutoa kidogo. Kiangazi, wakati mto umepungua, anga liko wazi.

Pingamizi la kwanza litakuwa kwamba hili ni tone baharini, na nalikubali kwa namba. Nyumba elfu moja zikitoa uniti 80 kila moja kwa mwezi ni uniti elfu themanini. Mitambo ya Kidatu ikizunguka yote kwa nguvu kamili huzalisha kiasi hicho kwa dakika 24. Mtu yeyote anayesema sola za mapaa ya Kidatu zitaokoa Mtera anajidanganya. Lakini anayetumia hoja hiyo hawezi, katika kikao hichohicho, kuleta hoja ya pili, kwamba wenye sola wataifilisi TANESCO na kuwaachia maskini mzigo wa nguzo. Tone haliwezi kuwa tone likisaidia na kuwa gharika likidhuru. Nasema hivyo bila kudharau hoja ya mzigo, kwa sababu ina ukweli ndani yake, tena kwetu ina ukweli mkali kuliko kwingine. Shilingi 100 ya mjane wa D1 inawezekana kwa sababu kuna mwenye duka Ifakara anayelipa 292. Mwenye duka akihamia juani, pengo la mjane litazibwa na nani? Ndiyo maana siungi mkono uniti kwa uniti. Ukimlipa mwenye duka 356 kwa umeme ambao TANESCO ingeupata kwa nusu ya hapo, unachukua kwa mjane na kumpa mwenye duka. Ukimlipa gharama iliyoepukwa, humnyang'anyi mtu, kwa kuwa umenunua kitu kwa bei yake. Na zile uniti anazotumia mwenyewe ndani ya duka lake hakuna kanuni ya haki inayoweza kumtoza, kama vile humtozi mtu aliyebadilisha balbu.

Kuna tundu jingine ambalo watunga kanuni wasipoliziba sasa litavuja kuliko malipo yenyewe. Kundi la D1 limefafanuliwa kwa wingi wa uniti zinazonunuliwa. Kipato cha mwenye nyumba hakiulizwi. Irudie ile nyumba ya Mkamba ya uniti 150, safari hii iwe na betri, itumie uniti 80 za jua lake na kununua 70. Kwa bei ya T1 imeokoa shilingi 28,480. Lakini sasa iko chini ya 75; ikihamishiwa D1, uniti 70 zitagharimu 8,540 tu, na akiba inaruka hadi 44,860. Hiyo tofauti ya shilingi 16,380 haikutoka juani. Imetoka kwenye ruzuku iliyokusudiwa mtu asiye na friji. Malipo ya uniti 40 zilizobaki na kutoka nje, kwa bei ya 152, hayafiki hata nusu ya tofauti hiyo. Tunabishania senti za mlangoni huku dirisha liko wazi. Tiba ni rahisi kuandika: mwenye mtambo uliounganishwa na gridi apangiwe kundi kwa jumla ya umeme anaotumia, wa jua na wa waya. Najua wenye sola hawatapenda kusikia, lakini anayetaka bei ya haki kwa anachouza hana budi kukubali bei ya haki kwa anachonunua.

Pingamizi zito zaidi la sasa ni lile la wingi. Bwawa la Julius Nyerere limekamilika, mitambo tisa, megawati 2,115, ya kwanza ikiwashwa Februari 2024 na ya mwisho mwaka 2025. Uwezo huo peke yake ulizidi mahitaji ya juu ya nchi nzima ya wakati ule lilipoanza. Kwa nini shirika lenye umeme mwingi kiasi hicho linunue vijiuniti vya Mkamba? Jibu langu la kwanza liko kwenye ramani. Mtera na Kidatu ziko juu ya Ruaha Mkuu. Kihansi, megawati 180, iko kwenye mto unaoshukia Kilombero. Bwawa la Nyerere liko Rufiji, na Rufiji ni Ruaha, Kilombero na Luwegu vikikutana. Kilombero peke yake huleta zaidi ya nusu ya maji hayo. Mabwawa makubwa ya nchi yamo katika bonde moja, chini ya mvua moja. Mvua ikikosa juu ya Udzungwa na nyanda za kusini, hayatapungua kwa zamu. Chanzo kinachofanya kazi vizuri zaidi mvua inapokosekana kina thamani ya bima, hata mwaka ambao bima haikutumika. Jibu la pili ni la waya. Megawati zikiwa nyingi Rufiji haina maana kwamba volti zinatosha mwisho wa laini ya Mlimba. Kituo cha kupoza umeme cha Ifakara, kilichojengwa kwa msaada wa Umoja wa Ulaya na kuzinduliwa 2024, kimepunguza shida ya bonde kutegemea laini ndefu ya kilovolti 33, lakini baada ya kituo bado kuna kilomita nyingi za nguzo, na katika kila kilomita umeme fulani unapotea kama joto. Uniti inayozalishwa na kutumiwa mtaa uleule haipotei hivyo. Ni faida ndogo, ni ya mchana tu, na mahitaji ya juu ni ya jioni. Nisingeilipia zaidi ya inavyostahili.

Lazima niseme pia jambo ambalo wauzaji hulisema kwa sauti ya chini. Watu wengi bondeni hawanunui sola ili kuiuzia TANESCO. Wananunua kwa sababu umeme unakatika. Mfumo uliounganishwa na gridi bila betri huzimika gridi inapozimika, hata jua likiwa linawaka, na ni lazima uzimike, vinginevyo fundi aliyepanda nguzo kurekebisha waya atauawa na paneli ya mtu. Kwa hiyo anayetaka mwanga wakati wa kukatika atalipia betri, na akishakuwa na betri ataihamishia jioni uniti ambayo ingeuzwa 152 na kuifanya iepushe 356. Kadiri bei ya kuuza inavyokuwa ndogo, ndivyo betri inavyovutia. California waliliona hilo mara tu baada ya 2023. Kwa nyumba ya T1 hilo si baya. Kwa nchi yenye Mtera ni upotevu wa namna fulani: tunawafanya watu waagize betri kwa fedha za kigeni kushikilia umeme ambao bwawa lingeushikilia bure. Halafu kuna matunzo, ambayo hayamo kwenye karatasi ya hesabu. Msimu wa kuvuna, mashamba ya miwa yakichomwa usiku, asubuhi masizi meusi, membamba kama nyuzi, yanakuwa yametua kwenye kila bati. Kwenye paneli hujishika na umande na kukauka kuwa utando. Asiyepanda na kitambaa chenye maji atapoteza sehemu ya uniti zake katika miezi ileile ya kiangazi ambayo bei ingekuwa juu.

Nani, basi, angefaidika kweli na kanuni nzuri? Naona ni wale wanaofanya kazi mchana na kupumzika kwa misimu. Mwenye mashine ya kukoboa mpunga Ifakara ana kazi tele kuanzia mavuno ya Mei na miezi inayofuata. Injini zake zinakula kila uniti ya paneli na kuomba nyingine. Ikifika Januari na Februari, magunia yamekwisha, mashine imenyamaza, na paneli zinaendelea. Shule inafunga Juni na Desemba. Kwa watu hawa bei ya uniti si neno la kwanza. La kwanza ni salio linaishi muda gani. Kanuni ikisema salio lifutwe kila mwisho wa mwezi, mwenye mashine amepoteza miezi yake ya ukimya yote. Ikisema lifutwe mwisho wa mwaka wa fedha, tarehe 30 Juni, linakatwa mavuno yakiwa ndiyo yameanza, wakati hasa analihitaji. Likiishi miezi kumi na miwili kamili tangu lilipoingia, uniti za Februari zitakoboa mpunga wa Juni. Tofauti ya tarehe tu, na hakuna shilingi ya ziada iliyoombwa kwa TANESCO.

Mwisho tunafika ukutani, kwenye mita. LUKU, mita ya kulipia kabla ya kutumia, ilibuniwa kwa mto unaotiririka upande mmoja: unalipa, unapata tarakimu ishirini, unazibonyeza kwenye rimoti, uniti zinashuka mpaka zinakwisha. Mita nyingi za aina hii hazijui mwelekeo. Umeme ukipita kwenda nje, mita inaweza kuuhesabu kama uliotumika, mwenye paneli akajikuta analipia uniti aliyoitoa, au ikadhani inachezewa na kujifunga. Kanuni ya 2018 haina maana kwa mtu ambaye mita yake haijabadilishwa, na gharama ya mita ya pande mbili, pamoja na ukaguzi wa mtambo, inaweza kumeza akiba ya mwaka mzima ya mtu mdogo. Serikali iliweka shilingi 27,000 kuwa bei ya kumuunganisha mwananchi wa kijijini, ikijua kwamba haifikii gharama halisi. Mita inayosoma pande mbili inastahili kutazamwa kwa jicho hilohilo, walau kwa zahanati, shule na nyumba za D1. Na malipo yenyewe yasiahidiwe kwa hundi. Katikati ya miaka ya 2010 madeni ya TANESCO kwa waliowauzia umeme na gesi yalizungumzwa karibu kila kikao cha bajeti, na kama kampuni kubwa zenye mawakili zilisubiri, mwenye paneli nne Mang'ula atasubiri zaidi. LUKU inao uwezo wa kumlipa usiku uleule: tarehe moja ya kila mwezi mita isomwe kwa mbali, thamani ya alichotoa ipigwe kwa bei ya msimu, igeuzwe kuwa tokeni, itumwe kwenye simu yake. Ikizidi anachohitaji kwa mwezi, aruhusiwe kuomba tokeni hiyo itolewe kwa mita ya mtu mwingine, kama anavyomtumia ndugu salio la simu. Mama yake wa D1 kule Mlimba hatauliza uniti hizo zimetoka Kidatu kwa maji au kwa jua.